Mtungi Niliompelekea Sylvance Ijumaa Kuu

Majina yote humu nimeyabadilisha, hata langu, kwa hivyo usije Reuben kuuliza ni nani. Niite Ngigi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda changu kiko Mukuru kwa Reuben, upande ule unaotazamana na viwanda, na nina mdomo. Mke wangu Warigia husema kama kelele zingejenga nyumba, tungekuwa na ghorofa Komarock. Haya basi. Lakini habari hii ya Sylvance Okinyi nimekaa nayo kimya zaidi ya mwaka, na imenichosha.

Sylvance alizaliwa Jericho, katika nyumba ya kaunsili aliyoishi babake alipokuwa karani wa reli, na mpaka leo yumo humo humo na mkewe Phelister. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa maabara ya fizikia katika chuo ambacho sikitaji. Si mhadhiri, si daktari wa vitabu. Fundi tu, kama mimi, ila mimi navaa ovaroli iliyotobolewa na cheche na yeye alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, hata Jumamosi akienda kununua omena sokoni. Akina mama wa pale walimtania: "Daktari, nina kikohozi!" Naye bila kucheka: "Kunywa maji moto, urudi Jumatatu."

Tulijuana kwa sababu ya kizimba. Alikuja kibandani kwangu na karatasi iliyochorwa kwa rula, akasema anataka kizimba cha fito za chuma chenye nyuso kumi na mbili, kila uso pembe tano. Nikamwambia, "Mzee, mimi natengeneza vizimba vya kuku na vya mbwa. Hiki ni cha mnyama gani?" Akasema ni cha atomi. Nilidhani ananichezea, nikamjibu maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Alingoja nimalize, kisha akaniuliza kitakuwa tayari lini.

Kilinichukua siku tatu, na nilizilaani zote. Pembe tano si mchezo. Ukipotoka kidogo tu kwenye fito ya kwanza, ya mwisho haifiki inapotakiwa, unabaki umeshika chuma hewani mbele ya wateja. Nilipomaliza, Sylvance alinifanya nining'inize katikati yake gololi ya gia ya lori, kwa springi laini sana, isiguse upande wowote. Kisha akakaa kwenye stuli yangu, akakitikisa. Gololi ikacheza huku na huku, ng'e ng'e ng'e, haitulii.

"Hiyo gololi ni atomi ya bariamu," akaniambia. "Hizo fito ni atomi za germani na gali, madini mengine mawili, zilizoshikana mikono. Zikishikana zinaacha nafasi, na bariamu inanaswa humo. Tunamwita mgeni. Hawezi kutoka kwa sababu milango ni midogo, na hawezi kutulia kwa sababu chumba ni kikubwa kuliko yeye. Basi anatikisika tu."

"Anatafuta nini?"

"Hatafuti kitu, Ngigi. Ni atomi."

Nikauliza faida yake. Akanielezea kwamba joto likipita kwenye chuma cha kawaida hukimbia moja kwa moja, ndiyo maana naungua nikishika upande ambao sikuuchomelea. Lakini ndani ya fuwele, yaani madini yaliyojipanga hivyo kwa vizimba, joto humkuta mgeni akitikisika, likagongana naye, likapoteza njia. Umeme wenyewe hupita kwenye fito bila kusumbuliwa. Kwa hivyo kipande hicho ukikiweka upande mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi, kinakupa stima. Alinionyesha mabomba ya viwanda yakitoa moshi ng'ambo ya barabara. "Angalia joto lote lile linavyotupwa," akasema. Alikuwa na hasira kweli, kana kwamba ni lake.

Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Akinitembelea ananirekebishia geji za mitungi yangu, nikimtembelea Phelister ananipakulia ugali ambao huwezi kuumaliza. Pale maabara nilikuja kujua fahari yake ilikuwa wapi. Kulikuwa na daftari kubwa la tanuri, kazi zote zinaandikwa humo, na kila kazi ikiharibika mtu huandika chanzo: stima, tanuri, mwanafunzi, au fundi. Sylvance alinifungulia kurasa za miaka yote. Stima tele. Wanafunzi, Mungu wangu, tele. Fundi, hakuna hata mara moja. "Thelathini na moja," alisema, akalifunga taratibu. Alikuwa anastaafu mwisho wa Aprili na alitaka kulikabidhi hivyo hivyo.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya Kui, msichana wa shahada ya uzamili, mwembamba, mwenye bidii mpaka unamhurumia. Marafiki wa chuo huko ng'ambo walimtumia bariamu na germani safi, ya kutosha kupika fuwele moja tu. Ikitoka vizuri, ingepelekwa kwenye mashine yao inayoweza kuhesabu jinsi mgeni anavyotikisika ndani ya kizimba. Nafasi yake kwenye mashine ilikuwa Juni. Sylvance mwenyewe hakuwahi, katika maisha yake yote ya kupika fuwele za watu, kuona moja ikifika huko. Aliniambia wazi, "Ngigi, hii moja tu. Nataka kusikia wamesema yumo ndani na anatikisika. Halafu nitaenda nyumbani."

Sasa nikueleze tanuri lilivyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipoingilia. Madini yanayeyuka ndani ya bomba refu, na siku sita mfululizo yanapoozwa polepole, nyuzi chache kila saa. Muda wote huo gesi ya agoni inapita ndani ya bomba ili hewa isiingie, kwa sababu bariamu ikigusa hewa ikiwa moto inaharibika, inakuwa unga mweupe. Gesi inatokea upande wa pili kupitia chupa ya mafuta, unaona mapovu: blup, blup. Mapovu yakikoma, umekwisha.

Waliwasha Jumatano kabla ya Pasaka, kwa sababu sikukuu viwanda vikifungwa stima ya upande ule huwa haipotei. Hesabu nzuri. Ila mtungi wa chuo ulikuwa unavuja kwenye valvu na hakuna aliyejua. Ijumaa Kuu asubuhi Sylvance alikuwa kanisani, anaimba besi, simu amezima. Kui alikuwa peke yake na tanuri. Akaona geji inashuka. Akampigia Sylvance mara nane. Wauzaji wa gesi wamefunga mpaka Jumanne. Ndipo akaona namba yangu kwenye kile kizimba cha chuma, ambacho Sylvance alikiweka maabara, maana mimi huandika namba yangu kwenye kila kazi, nikitafuta biashara.

"Fundi, samahani kukusumbua sikukuu. Una agoni?"

Kama ninayo! Ninayo ya kuchomelea aluminiamu, safi kabisa. Nilifunga mtungi kwenye bodaboda, nikamkumbatia dereva na mtungi kwa pamoja, na kwa dakika ishirini nilikuwa pale. Kui alinipokea mlangoni. Tukabadilisha mpira wa gesi huku mapovu ya mwisho yakitoka. Yalipoanza tena, blup, blup, yule msichana alikaa sakafuni akalia, kisha akacheka. Nilijisikia mwanaume. Sylvance alipofika saa nane, bado na tai ya kwaya, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachilia haraka.

Hapa kuna jambo moja. Sylvance alikuwa na desturi ya kupima kila mtungi kabla ya kuufungua. Anapitisha gesi kidogo kwenye glasi ya maji ya chokaa; yakibaki maangavu, gesi ni nzuri; yakigeuka maziwa, ina kabonidioksidi. Siku hiyo hakupima. Mtungi ulikuwa tayari umefungwa kwenye bomba, na kuuchomoa kungekatiza gesi; angeweza kupimia upande gesi inakotokea, ila hakuona haja. Tena ulikuwa umeletwa na mimi. Aliutazama, akanitazama, akasema, "Ni wako?" Nikasema, "Ni wangu." Basi.

Kesho yake, Jumamosi saa nne, Matheka alipita kibandani. Matheka anachomelea mageti, safu ya pili kutoka kwangu, mtu mpole hata kwa mbwa. Wiki mbili kabla alikuwa ameazima mtungi ule ule kutoka kwangu kwa kazi ndogo. Akaniuliza, "Ngigi, ile niliyokuongezea ilikufaa?"

"Uliongeza nini?"

"Si unajua. Singekurudishia mtungi mwepesi. Nilikusukumia kidogo kutoka kwa wangu mkubwa."

Lazima uelewe mafundi wa Reuben. Jirani akikuletea kitu kwa sahani, huirudishi sahani tupu. Unaweka hata mayai mawili. Sisi tumefanya vivyo hivyo na mitungi tangu zamani. Ukiazima, unarudisha na kitu ndani, unaunganisha mpira kutoka mtungi wako, unasukuma kidogo, unanyamaza. Ni heshima. Kuuliza "umeniwekea nini?" ni kama kunusa chakula cha mtu mbele yake. Na gesi ya Matheka ni ya mageti, agoni iliyochanganywa na kabonidioksidi. Kwa chuma cha geti haina shida yoyote.

Nilimrukia. Nilimwita mjinga, nikamwita muuaji, nikarusha koleo likagonga mabati. Majirani wakatoka kuangalia. Matheka alisimama tu, macho yamemtoka, "Lakini Ngigi, hata wewe huniwekea." Na ni kweli, jamani. Mwaka jana nilimwekea yangu ndani ya yake na sikumwambia. Hasira ikaniishia pale pale, nikatafuta bodaboda.

Nilipofika maabara Kui na Sylvance walikuwa wanakula mandazi, wanafurahi, tanuri linakwenda sawasawa. Niliwaambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Sylvance hakupandisha sauti. Alichukua glasi, akamimina maji ya chokaa, akaichovya ncha ya mpira unaotoka kwenye chupa ya mafuta. Sote watatu tuliinama. Povu la kwanza, la pili, la tatu. Kabla sijahesabu kumi maji yalikuwa meupe.

"Zima," nikasema. "Zima gesi!"

"Nikizima, hewa inaingia. Hewa ni mbaya zaidi."

"Basi zima tanuri!"

"Ikipoa ghafla bomba linapasuka, hewa inaingia vilevile."

"Tufanye nini sasa?"

"Tutapunguza mapovu mpaka yawe machache kabisa," akasema. "Na tungoje."

Hicho ndicho kilichoniua. Kungoja! Mimi ni mtu wa kushika kitu nikakipiga nyundo. Nilipiga simu kwa kila fundi ninayemjua, Kariobangi, Gikomba, Kayole. Karibu wote ama wamefunga, ama wameenda nyumbani kwa Pasaka. Mmoja wa Kariobangi akasema anao mtungi, safi, haki ya Mungu ni safi. Nikaufuata kwa bodaboda, nikaubeba mgongoni mpaka ghorofa ya tatu. Sylvance akaupima. Maziwa. Na yeye pia mtu alikuwa amemfanyia heshima.

Jumapili ya Pasaka Phelister alituletea kuku na chapati, akidhani tunakesha kwa sababu ya bidii. Sylvance alimwambia tanuri limegoma kidogo. Kui hakugusa chakula. Tulikaa tumetazama ile chupa ya mafuta, na kila povu likipanda nilijua linapita juu ya ile bariamu ya watu, inaungua kidogo kidogo, na mimi ndiye niliyeleta. Nikasema kwa sauti, "Mungu, hebu nifanye nini?" Baadaye Sylvance akainuka, akanipa kikombe cha chai, akarudi kukaa.

Jumatano tanuri lilipoa. Sylvance alivuta kikombe cha kuyeyushia kutoka ndani ya bomba kwa koleo refu. Juu palikuwa na ganda jeupe, kama uji uliokauka kwenye sufuria. Alilikwangua. Chini yake kulikuwa na madini ya kijivu, akakata kipande, wakakipima kwenye mashine yao ya eksirei, na mstari uliotoka kwenye kompyuta Kui aliutambua kabla haujamalizika. Germani ya kawaida. Vizimba havikujengeka, kwa sababu mgeni wa kuvijengea hakuwepo tena. Bariamu yote ilikuwa imeishia kwenye lile ganda.

Kui aliuliza kama kuna bariamu iliyobaki kwenye chupa iliyokuja nayo. Alijua haipo. Sylvance hata hivyo alienda akaangalia.

Kisha akafungua daftari la tanuri, akachukua kalamu. Nilisimama nyuma yake. Niliona anaandika tarehe, jina la Kui, joto, siku. Alipofika kwenye chanzo akaandika: "Fundi. Gesi haikupimwa. S. Okinyi."

"Ala! Sylva, unaandika nini? Andika Ngigi! Andika Matheka! Andika mtungi wenu uliovuja!"

"Funga mlango," akasema. Nikafunga. "Sheria ya hapa, gesi ya nje haiingii bila sahihi ya mkuu wa idara. Mwaka juzi kuna kijana alifukuzwa kwa chupa ya asidi aliyonunua Kirinyaga Road. Ni nani aliyekuita Ijumaa?"

Nikageuka. Kui alikuwa amefunika uso.

"Nikiandika mtungi wa Ngigi, wataanza kuuliza. Kui akitupwa nje, hapati tena pa kuingia. Hivi nilivyoandika, mzee amesahau kupima. Wazee husahau. Halafu si uongo, sikupima."

"Ulimwamini rafiki yako!"

"Hilo halina mahali pa kuandikwa," akasema. Akanifanya niahidi, na Kui pia, kwamba hatutamwambia mtu. Hata nyumbani kwake. Phelister hawezi kunyamaza, alisema. Angeenda mwenyewe mpaka ofisi ya chuo na kitambaa cha kanisa kichwani, awapigie kelele mpaka wajue kila kitu. Niliahidi. Ningeweza kufanya nini kingine? Nilichoweza kumharibia nilikuwa nimeshamharibia.

Tarehe thelathini walimfanyia chai ya kumuaga. Kulikuwa na keki, soda, na saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Alinialika, nikakaa kati yake na Phelister, ambaye alikuwa amesuka nywele na kuvaa gauni jipya la kijani. Mkuu wa idara, Daktari Walter, ni mtu mwema tu, sina ugomvi naye. Alisimama na daftari la tanuri mkononi, akasema miaka thelathini na moja ya Bwana Okinyi imo humu, basi atatusomea mstari wake wa kwanza na wa mwisho. Alikuwa hajautazama wa mwisho. Nilimwona akifunua kurasa, nikashika ukingo wa meza.

Wa kwanza ulikuwa wa mwaka wa tisini na nne: tanuri limewashwa, kazi imetoka salama. Watu wakapiga makofi. Akafunua mpaka mwisho, akaanza kusoma kwa sauti ile ile ya furaha, na maneno yalikuwa yameshamtoka kabla hajaelewa anasoma nini. "Fundi. Gesi haikupimwa. S. Okinyi."

Safari hii makofi hayakuja. Mtu nyuma akacheka kidogo kwa pua. Kui alikuwa karibu na dirisha na nilimwona akifungua mdomo, na mimi nilikuwa tayari nimeinua makalio kwenye kiti. Sylvance alinishika goti chini ya meza, kwa nguvu, mpaka nikakaa. Kisha akainuka yeye. Akasema, "Ni kweli, Daktari. Hiyo nilikosea. Naomba msamaha kwa mwanafunzi wangu." Akamgeukia Kui, akamwinamia kichwa. Wakampigia makofi, yale makofi ya kumhurumia mtu, na keki ikakatwa.

Tulirudi Jericho kwa miguu, Sylvance mbele na ile saa kwapani, akisalimiwa na kila mtu. Phelister alipunguza mwendo mpaka tukawa mimi na yeye nyuma. Alikuwa anatazama mgongo wa mumewe.

"Baba Kimani," akaniambia polepole, akiniita kwa jina la mwanangu, "wewe ni rafiki yake, hutanidanganya. Ni kweli alisahau? Sylvance?"

Nilimwangalia. Alikuwa anangoja, na nikaona angeamini neno lolote nitakalosema.

"Ndiyo, Mama Adongo," nikamwambia. "Alisahau."